Majibu kwa Wasomaji: Mapumziko ya Kuiba

Mwezi huu nimeweka kando maswali ya lishe na ya chanjo yaliyosalia kwenye jalada langu, kwa sababu zimefika barua tatu ambazo waandishi wake hawafahamiani, wanaishi miji tofauti na hawafanani kwa kazi, lakini wote wanauliza jambo moja: mtu ambaye siku yake imejaa pomoni apumzike lini, na apumzike vipi. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, na wasomaji watakaoisoma hadi mwisho wataelewa kwa nini. Majina nimeyaondoa kwa ombi la wenyewe.

*Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 38, nina mume na watoto watatu, na tunaishi Gongo la Mboto. Ninaamka saa kumi alfajiri kuchoma maandazi ambayo dada wa kazi huyapeleka kwenye maduka mawili ya jirani, kisha ninawahi daladala ili niwe shuleni saa moja. Ninatoka saa tisa, na nikibahatika kwenye foleni ninafika nyumbani saa kumi na nusu. Hapo ninapika, ninasimamia kazi za watoto, ninakanda unga wa kesho, na jioni nne kwa wiki ninasahihisha madaftari ya darasa la wanafunzi 94, kazi inayonichukua saa mbili kila jioni. Maandazi nayo, kukanda na kuchoma, ni saa mbili kwa siku, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Jumamosi mchana ni kikoba, ambako mimi ndiye mweka hazina. Jumapili ni kanisani, halafu kikao cha harusi au msiba. Ninalala saa tano na nusu usiku, ingawa kusema kweli saa nzima ya mwisho huwa nimekaa kwenye kochi na simu, nikiangalia video ambazo kesho yake hata sizikumbuki. Shule zilipofungwa mwezi Juni nilijiambia nitapumzika, lakini zilifunguliwa nikiwa nimechoka kuliko zilivyofungwa. Siku hizi sauti za watoto darasani zinanikera, jambo ambalo halijawahi kunitokea kwa miaka 14 ya kufundisha. Mume wangu ananiambia nipumzike. Nikimuuliza nipumzike saa ngapi, hana jibu. Nifanye nini? Mwalimu, Dar es Salaam.*

Marahaba, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu na karatasi kwa sababu nilitaka kupiga hesabu. Shuleni uko saa 8 kwa siku kwa siku 5, ambazo ni saa 40. Madaftari yanakula saa 8 kwa wiki, na maandazi saa 12. Jumla ni saa 60 za kazi za riziki peke yake, na hapo sijagusa daladala, jiko, watoto wala kikoba. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walichapisha utafiti wao wa pamoja ulioonyesha kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo yatokanayo na kuziba kwa mishipa iliyo kubwa kwa asilimia 17, akilinganishwa na mwenzake wa saa 35 hadi 40. Sikuandikii hayo ili ukose hata usingizi huo mdogo ulionao. Nimeyaandika kwa sababu katika miaka 31 ya uuguzi nimewasikia wanawake wengi wa rika lako wakijilaumu kwamba wamekuwa wavivu au wamelegea imani, ilhali karatasi yenye hesabu kama hii ingewaonyesha kwamba hakuna mwili wa binadamu ambao usingechoka.

Usingizi wako nao tuuhesabu. Kutoka saa tano na nusu usiku hadi saa kumi alfajiri ni saa nne na nusu. Mapendekezo ya wataalamu wa usingizi kwa mtu mzima ni saa 7 au zaidi kila usiku, kwa hiyo kila asubuhi unaondoka nyumbani ukiwa na deni la saa mbili na nusu, na kufikia Ijumaa deni hilo limezidi saa 12. Ndiyo maana Jumapili mchana ukijilaza kwa saa moja unaamka kichwa kizito na kujiona kama hujalala kabisa.

Kuhusu sauti za watoto zinazokukera, usione aibu kuliandika jambo hilo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo ya uchovu wa kazi uliokithiri katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11, likasema kwamba hali hiyo hutokana na kazi na si ugonjwa wenyewe, na kwamba hujitambulisha kwa kuishiwa nguvu, kuikinai kazi au kuiona kwa jicho baya, na kuhisi kwamba kazi yako haina tija tena. Mwalimu aliyewapenda watoto kwa miaka 14 hawachukii ghafla bila sababu. Hata hivyo, kabla hujaupa uchovu wako jina lolote, nenda kituo cha afya ukapimwe wingi wa damu, sukari, shinikizo na tezi ya shingo. Nimekwisha kuona mama aliyekemewa na mawifi zake kwa miezi kadhaa kwamba anadeka, na siku alipopimwa damu ilikuwa chini kiasi kwamba daktari hakumruhusu kurudi nyumbani. Na ukiona huzuni na kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda vimekaa nawe zaidi ya wiki mbili, mweleze daktari hilo pia, kwa sababu sonona huvaa nguo za uchovu na huweza kutibiwa.

Sasa nije kwenye saa ile ya kochi na simu, ambayo wewe umeitaja kama kosa la pembeni, nami naiona kuwa ndiyo barua yako yenyewe. Umesema kwamba video huzikumbuki. Basi kwa nini unakaa nazo kila usiku, tena ukijua saa kumi inakusubiri? Ninavyoona, ni kwa sababu kuanzia saa nne na nusu hadi saa tano na nusu usiku ndio muda pekee katika siku yako ambao hakuna anayekuita. Watoto wamelala, mume amelala, dada amelala, mwalimu mkuu hapigi simu, wanakikoba hawaulizi marejesho. Unakaa hapo kuonja kuwa mtu asiyedaiwa. Tamaa hiyo ni ya haki kabisa. Shida ni kwamba muda huo unauiba, na unauiba kwenye usingizi, yaani unajiibia mwenyewe, na mapumziko ya kuiba hayashibishi, sawa na chakula kinacholiwa kwa kusimama nyuma ya mlango.

Nilikulia Pangani. Mama yangu alikuwa na watoto saba, shamba la mihogo na mume aliyekuwa safarini zaidi ya alivyokuwa nyumbani. Kila siku baada ya alasiri alitandika jamvi upenuni, akaketi amenyoosha miguu, akachukua fungu lake la chane za ukindu lililoloweshwa maji kidogo, akaanza kusuka ukili, ule mkanda wa kushonea mikeka. Vidole vilikwenda vyenyewe, na macho yake yalikuwa barabarani au hayakuwa mahali popote. Kwa muda huo hakuna mtoto aliyemsogelea kuomba chochote. Hata aliyejikata kidole alimwendea dada mkubwa. Jirani akipita hodi yake ilikuwa ya mbali: “Unasuka?” Naye hujibu, “Ninasuka,” na jirani huendelea na safari yake. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa na wodi ya wagonjwa 40 na watoto wangu watatu, ndipo nilipotambua kwamba ule ukili, uliokuwa kazi na uliouzwa kwa pesa ndogo, ndio pia uliokuwa mapumziko yake, na kwamba ulimpumzisha kwa sababu mtaa mzima ulijua saa yake. Yalikuwa mapumziko ya hadharani, yenye mahali pake na mashahidi wake.

Hicho ndicho unachokikosa. Katika nyumba yako kila hitaji lina mwenyewe wa kulisemea: madaftari yana mwalimu mkuu, kikoba kina wanachama, harusi ina kamati, watoto wana sauti zao. Mapumziko yako hayana msemaji, na jambo lisilo na msemaji husukumwa hadi mwisho wa siku, mahali ambapo hakuna kilichobaki. Ndiyo sababu likizo ya Juni haikukusaidia. Hukutuambia uliifanyia nini, lakini nadhani naweza kubahatisha bila kukosea sana: ulipiga rangi chumba, ulipeleka watoto kwa bibi yao, ulizidisha maandazi kwa kuwa “nipo tu nyumbani”, na kila aliyejua kwamba shule zimefungwa alikuletea kikao.

Kwa hiyo mume wako anapokuambia upumzike, nawe ukamuuliza saa ngapi, mwenzangu, jibu litoe wewe. Mwambie: kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja jioni, Jumatatu hadi Alhamisi, mimi sipo. Iseme saa kwa jina lake, kwa sababu ahadi ya “nitapumzika nikipata nafasi” hakuna anayeweza kukusaidia kuitimiza. Saa hiyo baba aketi na watoto kwenye kazi zao za shule. Akisema kwamba yeye si mwalimu, mkumbushe kwamba hakuna anayemtaka afundishe, anatakiwa awepo. Wewe tafuta mahali, hata kama ni kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, na ufanye jambo lisilo na mteja: kaa, tembea hadi mwisho wa mtaa, shona, sali, sikiliza redio. Simu iache ndani. Nakuonya kwamba wiki mbili za kwanza zitakuwa mbaya. Utasikia mtoto akilia na miguu itasimama yenyewe, na kichwa chako kitakuorodheshea kila kitu ambacho hakijafanyika. Vumilia. Mwili uliozoea kukimbia huchukua muda kuamini kwamba umeruhusiwa kuketi.

Saa hiyo lazima itoke mahali, kwa kuwa siku haiongezeki, nami sitakudanganya kwamba hakuna kitakachoharibika. Anza na kikoba. Ninajua heshima iliyomo katika kuwa mweka hazina, na ninajua pia kwamba mtu mwaminifu huongezewa mzigo mpaka mwisho wa uaminifu wake. Usijiuzulu katikati, maana utaleta maneno. Subiri mtakapovunja kikoba na kugawana, kisha ukabidhi daftari na ufunguo wa sanduku mbele ya wanachama wote, ubaki mwanachama wa kawaida anayenunua hisa zake na kurudi nyumbani. Harusi nazo uzitofautishe na misiba. Msibani unaenda kwa miguu yako, na sitamshauri mtu yeyote wa kwetu vinginevyo. Lakini kamati ya harusi inaweza kupokea mchango wako bila kukuona ukikaa kwenye kiti kwa saa tatu mkijadili rangi ya vitambaa.

Kwenye madaftari wewe ni mtaalamu kuliko mimi, ila walimu wenzako wenye madarasa makubwa wameniambia kwamba zoezi moja kati ya matatu huwapa watoto wabadilishane madaftari na kusahihisha pamoja ubaoni, na kwamba watoto hujifunza zaidi wanapoliona kosa la mwenzao. Ukifanya hivyo jioni nne zinaweza kuwa tatu. Wiki yako ya zamu usianze jambo lolote jipya. Kuhusu maandazi nina swali moja tu: umewahi kutoa kwenye mauzo gharama ya unga, mafuta, sukari, hamira na mkaa, kisha ukagawa kinachobaki kwa saa 12? Watu wengi hawafanyi hivyo kwa kuogopa watakachokiona. Ikiwa faida inalipa ada za watoto, endelea, lakini jaribu kuuza siku nne badala ya sita, hasa uache Jumamosi ulale hadi jua litoke. Ikiwa faida inaishia kwenye nauli na vocha, basi unanunua uchovu kwa bei ya jumla.

Kuna mtu mmoja ambaye hukumtaja ila kwa kupita, naye ni dada wa kazi. Tafadhali mapumziko yako usiyanunue kwa miguu yake. Yeye naye ni mwajiriwa mbele ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo inampa mfanyakazi saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 mfululizo kila wiki. Kwa anayeishi kwenye eneo la kazi, saa hizo 12 zinaweza kupunguzwa hadi 8, lakini ni kwa makubaliano ya maandishi. Kama na yeye huamka nawe saa kumi, panga alale mapema zaidi yako, na Jumapili iwe yake.

Ukishaipata saa yako ya jioni, ile ya usiku utaiona inapungua yenyewe, maana hutakuwa na njaa nayo tena. Lenga kulala saa nne na nusu, na siku usizochoma maandazi uamke saa kumi na moja. Hiyo ni saa sita na nusu. Haijafika 7, lakini mwilini mwako na darasani kwako utaiona tofauti kabla ya mwezi kuisha. Nakuomba pia jambo dogo la mdomo. Jioni tukikutana njiani tunaambiana “pole na kazi”, na jibu letu ni “nimeshapoa”, hata kama shati limelowa jasho na kichwa kinagonga. Neno kupumzika lenyewe limetokana na pumzi, lakini sisi pumzi hiyo tumemwachia marehemu, ambaye ndiye peke yake tunayemtakia apumzike kwa amani bila kumuuliza nani atapika. Mumeo akikupa pole leo, mjibu ukweli: “Bado sijapoa.” Uone atafanya nini.

*Shikamoo mama. Nina miaka 26, ni mlinzi wa kampuni binafsi hapa Dodoma. Ninaingia lindo saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki. Nikitoka ninaendesha bodaboda ya mkataba hadi saa saba mchana, kwa sababu hesabu ya mwenye pikipiki lazima itimie. Kisha ninalala hadi saa kumi jioni, lakini chumba changu ni cha bati na joto linanitoa kitandani. Wiki iliyopita nilivuka taa nyekundu na sikumbuki kuiona. Je, kuna dawa ya kuzuia usingizi isiyo na madhara? Mlinzi, Dodoma.*

Marahaba, mwanangu. Dawa hiyo sitakutajia, na anayekuuzia usimwendee tena. Unaamka saa kumi jioni na unalala saa saba mchana wa siku ya pili, yaani uko macho saa 21. Tafiti za maabara zimeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono sawa na mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Wewe huvuka kiwango hicho saa tatu asubuhi, ukiwa na abiria nyuma. Taa nyekundu hukuiona kwa sababu kwa sekunde hizo ulikuwa umelala huku macho yako yakiwa wazi.

Hili ninalijua kwa ngozi yangu. Mwaka 1998, katika hospitali ambayo sitaitaja, niliunganisha zamu ya jioni na ya usiku kwa sababu mwenzangu hakufika. Karibu na alfajiri nilisimama na sindano mkononi kando ya kitanda cha tisa, na dawa ile ilikuwa ya mgonjwa wa kitanda cha sita. Mama aliyelala pale ndiye aliyeniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama daktari amebadilisha dawa yake. Nilikwenda nikakaa sakafuni katika chumba cha vifaa na kulia, kisha nikarudi kumalizia zamu, na hadi leo ile sehemu ya kurudi ndiyo inayonishangaza zaidi.

Kuhusu mwajiri wako, sheria niliyoitaja juu inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, si zaidi ya saa 12 katika siku moja, na saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne, zikilipwa mara moja na nusu. Kwa malindo sita ya saa 12 unafanya saa 72, kwa hiyo unazidisha saa 27 kila wiki, ambazo katika wiki nne ni 108. Hata tukiondoa saa moja ya kula kila usiku, zinabaki 84. Vilevile kila saa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi inastahili nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Chukua hati zako za mshahara, andika malindo yako kwenye daftari kwa wiki nne, kisha nenda kwa Ofisa Kazi au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukiwa na wenzako watatu wenye madaftari kama lako ni bora zaidi, kwa sababu mlinzi anayelalamika peke yake hupangiwa lindo la mbali.

Wakati hayo yakiendelea, geuza ratiba yako. Ukitoka lindoni nenda moja kwa moja ukalale, saa moja asubuhi chumba bado kina ubaridi wa usiku na bati halijaanza kuwaka. Ziba dirisha kwa blanketi au khanga mbili, maana mwanga ndio unaoiambia akili kwamba kumekucha. Njiani vaa kofia yenye ukingo, jua lisikupige machoni. Kahawa acha baada ya saa sita usiku, kwa kuwa nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini saa tano hivi baada ya kunywa, na ile unayoinywa saa kumi alfajiri ndiyo inayokugeuzageuza kitandani asubuhi. Pikipiki ipande saa nane mchana hadi saa kumi na moja, ukiwa umeshalala. Hesabu haitatimia kwa saa hizo tatu, hilo ninalifahamu, na itakubidi ukae na mwenye chombo mzungumze upya, ama mgawane pikipiki na kijana mwingine anayeendesha asubuhi. Mwonyeshe kwamba pikipiki iliyogongwa haileti hesabu hata ya siku moja.

*Nina duka la simu na vifaa vyake Mombasa. Baada ya swala ya adhuhuri huwa ninafunga mlango nusu, ninalala kailula kidogo nyuma ya kaunta. Baba mkwe wangu, aliyetoka bara, amenikuta mara mbili na sasa anasema amemwoza binti yake kwa mvivu. Je, kulala mchana kuna faida ya kweli, au ni mazoea yetu tu watu wa pwani? Mwenye duka, Mombasa.*

Faida ipo. Baada ya mchana kuingia, mwili wa binadamu hushuka kasi hata kwa mtu ambaye hajala, na usingizi wa dakika 20 hadi 30 hurudisha umakini kwa saa kadhaa. Ukipita hapo unaingia kwenye usingizi mzito, na ukiamshwa katikati yake unaamka na kizunguzungu na hasira, hali ambayo mteja wako hastahili. Usilale baada ya alasiri, usije ukakosa usingizi wa usiku. Watu wa pwani hawako peke yao katika hili: Muscat maduka mengi hufungwa mchana na kufunguliwa tena jioni, na huko Oman sheria inakataza kazi za nje katika saa za jua kali, saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, kuanzia Juni hadi Agosti.

Kosa lako ni huo mlango wa nusu. Duka lililofungwa nusu linamwambia mkweo kwamba umesinzia kazini, na linakufanya wewe mwenyewe ulale sikio likiwa mlangoni. Funga lote, bandika karatasi yenye maandishi makubwa: “Tumefunga. Tunafungua saa nane kamili.” Kisha saa nane kamili uwe umesimama kaunta, uso umeoshwa, hasa siku mzee atakapopita.